Diski ya kasi kwa kompyuta ya gemu: Usinunue namba, nunua faida

FEDHA za mavuno zikishaingia Shinyanga, ziwe za pamba, dengu, choroko au mpunga, maombi ndani ya nyumba huwa mengi. Zamani kijana aliomba baiskeli au ng'ombe wa kulimia. Siku hizi mzazi anaweza kusikia ombi ambalo hakulitarajia: mtaji wa kufungua chumba cha gemu.

Wazo lenyewe si la kupuuzwa. Katika kata ya Kambarage, Manispaa ya Shinyanga, mpira ni mazungumzo ya kila siku. Uwanja wa CCM Kambarage ndiko walikokuwa wakikusanyika mashabiki wa Stand United, maarufu kama Chama la Wana, timu hiyo ilipokuwa Ligi Kuu kuanzia mwaka 2014 hadi 2019. Kijana anayependa mpira wa uwanjani haoni tabu kulipia mechi ya kwenye kompyuta jioni baada ya kazi.

Biashara ya namna hiyo inaweza kufanyika pia Kahama, Katoro na Geita mjini, ambako fedha ya dhahabu huzunguka haraka. Makala haya hayazungumzii mashine za kubahatisha, ambazo zina sheria yake na husimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Yanazungumzia gemu za kawaida, ambazo mteja hulipia muda au mechi na kuondoka.

Tatizo huanza siku ya kununua vifaa. Fundi anasema kompyuta inahitaji diski ya SSD, yaani diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani yake. Muuzaji anatoa boksi tatu. Moja imeandikwa 550, ya pili 3,500 na ya tatu 7,000. Bei zinapanda kwa kufuata namba hizo. Mnunuzi asiye na maelezo hufanya moja kati ya mambo mawili: huchukua ya bei ya chini kabisa akijuta baadaye, au huchukua ya bei ya juu kabisa akiamini kuwa ghali ndiyo bora.

Njia zote mbili zinaweza kula mtaji. Jibu sahihi linapatikana kwa kufanya hesabu ile ile anayoifanya mkulima kabla ya kununua mbolea: shilingi ya mwisho inayoongezwa italeta kiasi gani?

Kazi ya diski ni ipi?

Diski ni ghala la kompyuta. Windows, gemu, picha na kumbukumbu zote hukaa humo hata umeme ukizimwa. Mteja akifungua gemu, kompyuta huvuta vitu kutoka kwenye diski na kuvipeleka kwenye RAM, ambayo ni mfano wa meza ya kazi. Kutoka hapo prosesa na kadi ya picha huendelea na shughuli.

Kwa hiyo diski ya kasi hupunguza muda wa kusubiri. Kompyuta huwaka haraka, gemu hufunguka haraka, na uwanja wa mechi huonekana mapema. Katika gemu zenye ramani kubwa, diski nzuri huzuia ule mkwamo unaotokea gari au mchezaji anapoingia eneo jipya.

Jambo ambalo diski haifanyi ni kuongeza ulaini wa picha wakati mechi inaendelea. Hiyo ni kazi ya kadi ya picha na prosesa. Kompyuta yenye kadi dhaifu itabaki dhaifu hata ikiwekewa diski ya bei ya juu kuliko zote sokoni.

Wachimbaji wadogo wa ukanda wa Geita wanaielewa hali hii bila kufundishwa. Mwenye duara linalotoa viroba vichache vya mawe kwa siku hapati dhahabu zaidi kwa kununua karasha kubwa. Karasha litasaga kwa saa moja na kukaa bila kazi siku nzima, huku deni lake likiendelea. Panapokwama ndipo pa kuweka fedha.

Ngazi za kasi

Diski ya zamani ya kuzunguka ina sahani ndani yake na mkono unaosoma, mfano wa santuri. Ikisoma faili moja kubwa kwa mfululizo hufikia megabaiti 100 hadi 200 hivi kwa sekunde. Udhaifu wake mkubwa uko kwenye faili ndogo ndogo nyingi, kwa sababu mkono lazima uhame kutoka sehemu moja hadi nyingine kila mara. Gemu na Windows zina maelfu ya faili za aina hiyo.

Ngazi ya pili ni SSD inayotumia njia ya SATA, ambayo kwa kawaida hufikia megabaiti 550 kwa sekunde. Kwa namba peke yake inaonekana ni mara tatu au nne tu ya diski ya kuzunguka. Lakini kwa kuwa haina mkono wa kuhamisha, faili ndogo huzipata mara nyingi zaidi ya hapo. Ndiyo maana kompyuta ya zamani ikibadilishiwa diski hiyo huonekana kama imezaliwa upya.

Ngazi ya tatu ni SSD za NVMe, mfumo ambao toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2011. Hizi hupita njia ya PCIe, na kila kizazi cha njia hiyo kimeongeza kasi karibu mara mbili. Za kizazi cha 3 hufikia megabaiti 3,500 hivi kwa sekunde, za kizazi cha 4 hufikia 7,000 na kitu, na za kizazi cha 5 zilizo bora zinakaribia 14,000 au kuzidi kidogo.

Mnunuzi anaweza kudhani kuwa kutoka 550 hadi 7,000 gemu itafunguka mara 12 haraka zaidi. Haiwi hivyo. Baada ya diski kutoa mzigo, prosesa bado ina kazi ya kuufungua na kuupanga. Ni kama barabara ya lami kutoka shambani hadi kwenye mzani wa chama cha msingi: lori litafika mapema, lakini foleni ya mzani ni ile ile.

Kwa gemu nyingi, kutoka diski ya kuzunguka hadi SSD yoyote iliyo nzima huokoa muda mwingi. Kutoka SATA hadi NVMe mara nyingi huokoa sekunde chache. Kutoka NVMe ya kizazi cha 4 hadi ya kizazi cha 5, mchezaji wa kawaida hawezi kuona tofauti kwa macho.

Hali hiyo inabadilika polepole. Microsoft ilitoa mfumo wa DirectStorage kwa kompyuta mwaka 2022 ili gemu zinufaike zaidi na diski za NVMe, na gemu ya Forspoken ya Januari 2023 ilikuwa ya kwanza kuutumia kwenye kompyuta. Gemu kubwa za miaka ya karibuni, kama Starfield ya mwaka 2023, zinataja SSD kuwa ni sharti. Kwa anayenunua kompyuta mpya leo, NVMe ya kawaida ni chaguo la busara. Inayopaswa kuulizwa sababu yake ni ile ya bei ya juu kabisa.

Hesabu ya kiti kimoja

Tuchukue mfano wa kiti kimoja katika chumba cha gemu. Bei zilizo hapa ni za mfano tu, kila mmoja aweke za kwake.

Tuseme mechi moja huchezwa kwa dakika 10 na mteja hulipa Sh500 kwa mechi. Tuseme pia kuna saa sita kwa siku, kuanzia mchana hadi usiku, ambazo wateja wapo kwenye foleni. Saa sita ni dakika 360.

Kwa diski ya kuzunguka, tuseme kusubiri kati ya mechi na mechi ni dakika mbili. Kila mechi inakula dakika 12, hivyo kiti kinatoa mechi 30.

Kwa SSD ya kati, tuseme kusubiri kunashuka hadi sekunde 30. Kila mechi inakula dakika 10 na nusu, na kiti kinatoa mechi 34. Zimeongezeka mechi nne, sawa na Sh2,000 kwa siku. Umeme na kodi ya fremu havijapanda kwa kiasi cha maana, kwa sababu saa za kazi ni zile zile.

Kwa SSD ya bei ya juu kabisa, tuseme kusubiri kunakuwa sekunde 25. Kiti kinatoa mechi 34 na nusu. Kwa kuwa hakuna mteja anayelipia nusu mechi, ni 34 tena.

Sasa tuseme diski ya kati inauzwa Sh200,000 na ya juu Sh500,000. Ya kati inarudisha fedha yake kwa siku 100. Ya juu inahitaji siku 250. Kama foleni ipo nusu tu ya muda uliotajwa, siku hizo zinakuwa 200 na 500. Sh300,000 zilizozidi hazijaongeza hata mechi moja.

Sh300,000 hizo zingeweza kununua UPS, viti, pedi za akiba, au sehemu ya kadi bora ya picha. Hapo ndipo hasara ya kununua namba inapoonekana. Fedha haikupotea kwa kuibiwa. Imelala mahali pasipozaa.

Mwenye chumba anayetoza kwa saa badala ya mechi ana hesabu tofauti kidogo. Kwake muda wa kusubiri unamwumiza mteja. Hasara yake huja taratibu, mteja anapohamia kwa jirani ambaye gemu yake haimchoshi.

Ujazo kwanza, kasi baadaye

Kuna jambo ambalo kwa mazingira ya Shinyanga lina uzito kuliko kasi, nalo ni ujazo. Gemu za sasa ni kubwa mno. EA Sports FC 24 inataka nafasi ya gigabaiti 100. Baldur's Gate 3 inataka gigabaiti 150. Gemu nne au tano za namna hiyo zinatosha kujaza diski ya gigabaiti 500.

Diski ikijaa, mwenye chumba anaanza kufuta. Wiki ijayo mteja anaulizia gemu iliyofutwa, na inabidi ipakuliwe tena. Kupakua gigabaiti 100 kwa bando la simu ni gharama inayoweza kumaliza faida ya siku kadhaa. Aliyebana ujazo ili apate kasi analipa tofauti hiyo kwa kampuni ya simu, kidogo kidogo, bila kuiona.

Kwa hiyo, kati ya diski ya gigabaiti 500 yenye kasi ya 7,000 na diski ya terabaiti moja yenye kasi ya 3,500 zinazouzwa kwa bei zinazokaribiana, mwenye chumba cha gemu achukue ya terabaiti moja.

Asishtuke akiona Windows inaonyesha gigabaiti 931 hivi badala ya 1,000. Hajaibiwa. Kiwanda huhesabu kwa makumi na Windows huhesabu kwa mbili mbili. Kwa sababu hiyo hiyo diski ya 500 huonekana 465. Aidha, ni vizuri kuacha asilimia 15 hivi ya diski bila kujazwa, kwani SSD iliyojaa pomoni hupungua kasi.

Diski ya kuzunguka iliyotolewa isitupwe. Ikiwa bado nzima, ibaki ndani ya kompyuta kama ghala la nyuma. Gemu isiyoulizwa ihamishiwe huko, na msimu wake ukirudi irudishwe kwenye SSD. Mwenye duka la nafaka hafanyi tofauti: magunia yako stoo, debe la kuuzia liko mbele.

Kwa wanaotumia duka la Steam, tangu Februari 2023 kuna njia ya kuhamisha gemu kutoka kompyuta moja hadi nyingine kupitia mtandao wa ndani ya chumba. Chumba chenye kompyuta nne kinaweza kupakua mara moja tu kwa intaneti, kisha nyingine tatu zikachukua kwa kebo bila kugusa bando.

Angalia tundu kabla ya kulipa

Kosa jingine la gharama ni kununua diski isiyoingia. SSD za SATA zenye umbo la kiberiti bapa, zinazoitwa za inchi 2.5, huunganishwa kwa kebo mbili, moja ya data na moja ya umeme. Hizi huingia karibu kila kompyuta ya mezani, pamoja na zile zilizotumika ofisini ng'ambo na kuletwa nchini.

SSD za M.2 zina umbo la ubapa mwembamba kama kipande cha ufito. Huchomekwa moja kwa moja kwenye ubao mkuu, ambao mafundi huuita mazabodi. Ukubwa wa kawaida ni 2280, maana yake upana milimita 22 na urefu milimita 80. Zipo fupi za 2242 na 2230, hasa kwa kompyuta ndogo.

Hapa pana mtego. Si kila M.2 ni NVMe. Zipo M.2 za SATA, zenye umbo lile lile lakini kasi ya 550. Baadhi ya matundu hupokea aina zote mbili, mengine hupokea moja tu. Mnunuzi aseme waziwazi, "Kaka, hii ni NVMe au SATA?" na asome mwenyewe maandishi ya kwenye diski. Kabla ya hapo, aandike jina na namba ya mazabodi yake, au aende na fundi anayemwamini.

Jambo la kutia moyo ni kwamba vizazi vya NVMe vinaelewana. Diski ya kizazi cha 4 ikichomekwa kwenye tundu la kizazi cha 3 itafanya kazi, ila kwa kasi ya kizazi cha 3. Ni basi jipya kwenye barabara ya vumbi. Aliyenunua ya kizazi cha 5 kwa mazabodi ya kizazi cha 3 amelipia mwendo ambao barabara yake haiwezi kuutoa.

Wanaotumia PlayStation nao wana masharti yao. PlayStation 4 hupokea diski ya inchi 2.5, hivyo SSD ya SATA huingia. PlayStation 5, iliyotoka mwaka 2020 ikiwa na diski ya ndani ya gigabaiti 825, ilifunguliwa tundu la M.2 mwaka 2021. Sony inataka NVMe ya kizazi cha 4, inapendekeza kasi isiyopungua megabaiti 5,500 kwa sekunde, na inasisitiza iwe na bapa la kupoza joto. Huko namba ya juu ina sababu.

Joto, vumbi na umeme

Fremu nyingi zimeezekwa bati. Mwezi Septemba na Oktoba jua la Shinyanga hugeuza chumba kisicho na dari kuwa tanuri, na kompyuta nne zikiwaka joto huongezeka. NVMe za kasi kubwa hutoa joto jingi, hasa za kizazi cha 5, ambazo kwa kawaida huhitaji bapa nene la kupoza. Diski ikipata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue.

Maana yake ni kwamba diski ya bei ya juu inaweza kufanya kazi kama ya kati nyakati za mchana, wakati ya kati isiyochemka inabaki na kasi yake. Dari ya bei nafuu, feni ya kutoa hewa nje na kupuliza vumbi ndani ya kasha kila mwezi vinaweza kusaidia kuliko namba ya kwenye boksi.

Umeme ni suala jingine. SSD haina sahani ya kuvunjika, hivyo huvumilia mtikisiko kuliko diski ya kuzunguka. Lakini umeme ukikatika ghafla wakati inaandika, faili zinaweza kuharibika, na diski nyingi za matumizi ya kawaida hazina akiba ya umeme ya kumalizia kuandika. UPS ndogo inayotoa dakika tano za kuzima kompyuta kwa utaratibu inastahili kuhesabiwa kama sehemu ya bei ya diski.

Lumbesa kinyume

Mkulima wa Tanzania anaijua lumbesa, ile ya gunia kuongezwa kilemba ili mnunuzi apate zaidi kwa bei ya gunia moja. Kwenye diski kuna lumbesa ya kinyume: kifaa kinachodai terabaiti mbili huku ndani kikiwa na gigabaiti chache. Kompyuta hudanganywa ionyeshe ujazo wa uongo. Faili zinaingia vizuri mpaka ujazo halisi unapoisha, kisha mpya zinaanza kuharibu za zamani.

Dalili ya kwanza ni bei. Diski inayouzwa robo ya bei ya wengine haina siri ya biashara, ina kasoro. Dalili ya pili ni jina lisilojulikana lenye namba kubwa kuliko za viwanda vinavyofahamika kama Samsung, Western Digital na Kingston. Hata majina hayo huigizwa, hivyo jina peke yake si kinga.

Kinga ni kupima. Programu ya bure ya H2testw huijaza diski yote na kuisoma tena ili kuona kama kilichoandikwa ndicho kilichopo. CrystalDiskInfo huonyesha afya ya diski, saa ilizokwisha kuwaka na kiasi kilichoandikwa. Ikiwa diski iliyouzwa kama mpya imekwisha kuwaka saa 9,000, mnunuzi ana sababu ya kuirudisha siku hiyo hiyo.

Kurudisha kunahitaji ushahidi. Risiti ya EFD yenye jina la bidhaa ni silaha ya kwanza. Bidhaa bandia ni jambo linaloshughulikiwa na Tume ya Ushindani, FCC, lakini malalamiko yasiyo na risiti hayafiki mbali.

Kwa diski iliyotumika, tahadhari iwe mara mbili. Mwaka 2021 sarafu ya kidijitali iitwayo Chia ilitumia diski nyingi duniani kwa kuziandika usiku na mchana, na SSD nyingi zilichoka mapema. Diski ya aina hiyo ikisafishwa nje hung'aa kama mpya. Afya yake inajulikana kwa kipimo tu.

Uhai na herufi ndogo

SSD huchoka kwa kuandikwa, si kwa kusomwa. Kiwanda hutaja kiasi cha kuandikwa kabla dhamana haijaisha, kwa kifupi TBW. Samsung 990 PRO ya terabaiti moja imepewa TBW 600 na dhamana ya miaka mitano. Kingston NV2 ya ujazo huo huo imepewa TBW 320 na dhamana ya miaka mitatu.

Tofauti inaonekana kubwa, lakini gemu husoma zaidi kuliko kuandika. Hata ukiandika gigabaiti 50 kila siku, TBW 320 ni siku 6,400, zaidi ya miaka 17. Kwa chumba cha gemu kisichofuta na kupakua kila siku, kifaa kitapitwa na wakati kabla ya kuchoka.

Herufi nyingine za kusoma ni TLC na QLC. Diski za TLC huweka biti tatu katika kila chumba kidogo cha chipu, za QLC huweka nne. QLC hutoa ujazo mkubwa kwa bei ndogo, lakini huchoka mapema na hupungua kasi sana inapoandikwa mzigo mkubwa kwa mfululizo. Kwa kuhifadhi gemu na kuzisoma inatosha. Kwa kazi ya kuhariri video au kurekodi kamera za ulinzi, TLC ni bora.

Nani anunue ipi?

Mwenye kompyuta ya zamani isiyo na tundu la M.2 achukue SSD ya SATA yenye jina, na asitumie zaidi. Aangalie pia kama mashine inapokea Windows 11, kwani Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida Oktoba 14, 2025. Kuweka diski ya gharama kwenye mashine inayokaribia kustaafu ni sawa na kumfunga plau mpya ng'ombe mzee.

Mwenye kompyuta yenye tundu la NVMe achukue ya kizazi cha 3 au cha 4, terabaiti moja, kutoka kiwanda kinachojulikana, yenye dhamana inayoeleweka. Ya kizazi cha 5 aachiwe mwenye mashine ya kisasa, dari nzuri na fedha ambayo haina kazi nyingine.

Bei nazo zina msimu. Kama vile bei ya pamba ya Shinyanga inavyofuata soko la dunia, diski nazo hufuata bei ya chipu. Mwishoni mwa mwaka 2025 bei hizo zilipanda, sababu kubwa ikiwa mahitaji ya vituo vikubwa vya akili mnemba. Anayepanga kununua kompyuta nne aulize bei katika maduka matatu, Shinyanga, Mwanza na Kariakoo, na aongeze nauli na usumbufu wa kurudisha kabla ya kuamua ipi ni nafuu.

Mwisho, anunue diski moja kwanza. Aiweke kwenye kiti kimoja na kuandika daftarini kwa wiki mbili: mechi ngapi kabla, mechi ngapi baada. Daftari likionyesha ongezeko, viti vilivyobaki vifuate. Lisipoonyesha, kikwazo hakiko kwenye diski, na fedha ya pamba iliyobaki bado iko mfukoni.